Pazia la Jikoni Lilipogeuka

Kimbunga kilipotua nchi kavu asubuhi ile, nyumba ya ghorofani ya Gazeti ilikuwa imejaa pomoni, na mwenyewe hakuchukia. Alikuwa mshonaji wa mapazia na sare za shule. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu mteja akienda kupimwa kiuno, alirudi na habari za watu watatu.

Majirani wa chini walipoona bahari imevuka barabara na kuingia madukani, walipanda kwake bila hodi. Akaja muuza mitumba na mapacha wake wawili. Akaja kinyozi, amekumbatia mkoba wa mashine zake kama katoka nao leba. Waliokuwemo tayari ni mama mkwe wa Gazeti na shemeji yake, fundi wa friji. Mume alikuwa safarini na lori, na kwenye simu ya mwisho, kabla mtandao haujakatika, hakuulizia mapazia wala paa. Aliulizia mama tu.

Mapafu ya mama yalikuwa yamechoka. Aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyokoroma kando ya kiti chake, mrija puani. Umeme ulipokatika alfajiri, shemeji akawasha jenereta kwenye kibaraza cha nyuma. Mvua ilipoanza kuilowesha, akaiingiza jikoni, akaiweka chini ya dirisha alilolifungua kidogo, bomba la moshi likitazama nje. Upepo ulikuwa unatoka baharini, upande wa mbele, ukipita na moshi wote kwenda zake nyuma. Mlango wa mbele ndio uliowatoa jasho, ulivyokuwa ukitaka kung'oka na bawaba zake. Waliuzuia kwa kabati la vitambaa.

Miaka kumi na mmoja Gazeti alikuwa mkamwana, na mama mkwe hakuwahi kusifu hata sindano yake. Mtaa mzima ulijua hivyo, maana aliyeutangazia ni Gazeti mwenyewe. Kwa hiyo alijua pia kwamba mama akifia mikononi mwake leo, habari hiyo itatembea bila yeye, na mwisho wake hautakuwa mzuri.

Karibu na saa sita upepo ukakatika, jua likachungulia. Kinyozi akataka kushuka akaokoe kiti chake cha kunyolea. Shemeji akamshika shati: hicho ni kitovu cha kimbunga, akamwambia, na mkia ndio wenye mwiba. Kweli, nusu saa haikupita, upepo ukarudi ukivuma kutoka upande wa pili, wa milimani, na mabati ya nyuma yakaanza kulia.

Gazeti akawatuliza kwa namna aliyoijua. Akawapa kisa cha mwenye duka la dawa aliyeposa mitaa miwili kwa wiki moja. Mwanzo walicheka. Kisha kicheko kikapungua. Muuza mitumba akalalamika kichwa kinamgonga, kinyozi akasema ni njaa hiyo. Mapacha walikuwa wamelala, mmoja juu ya mwenzake, mchana kweupe na paa linaunguruma. Gazeti mwenyewe alihisi kama amefungwa kilemba kinachobana. Akafika pale akina mama wa wachumba wote wawili wanapokutana kwa fundi mmoja, utamu wenyewe wa kisa, na hakuna aliyeuliza ikawaje.

Akainua macho aone nani anasinzia, akaliona pazia.

Pazia la mlango wa jikoni alilishona mwenyewe, kitambaa chepesi. Tangu asubuhi lilikuwa limevutwa kuelekea jikoni, likinata kwenye fremu. Sasa lilikuwa limetuna kuja sebuleni, kama tumbo la miezi minane. Hewa haikuwa inatoka tena kwenye lile dirisha. Ilikuwa inaingia.

Akasimama.

"Shemeji, zima jenereta."

"Nizime? Na mama je?"

"Upepo umegeuka. Moshi wote unarudi humu."

Shemeji akacheka, lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Moshi uko wapi, akauliza, mbona yeye hauoni? Jenereta imekaa pale tangu asubuhi, nani kafa? Akajiweka mbele ya pazia, mikono ameitanua. "Ukiizima na mama likampata la kumpata, kaka utamwambia wewe. Si mimi."

Gazeti akamtazama mama mkwe. Kidevu kilikuwa kimelala kifuani, na mashine inakoroma kama kawaida.

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Niambie, hiyo mashine inavuta hewa ya wapi?"

Shemeji akaigeukia mashine.

"Inavuta ya humu humu. Sumu ya moshi haionekani, na tunamlisha kwa mrija, shemeji."

Mikono haikushuka, ila haikuwa na nguvu tena. Gazeti akapita chini yake, akabana pumzi, akaingia jikoni na kuzima. Sebuleni mashine ikapiga mlio mrefu, ikanyamaza.

"Kabati," akasema aliporudi. "Litoeni mlangoni."

Kinyozi akaapa kwamba mwanamke huyu kaingiwa na wazimu, mlango huohuo si ndio uliotaka kuwaua asubuhi? Gazeti hakubishana. Asubuhi upepo ulikuwa upande ule, akamwambia, sasa uko mgongoni mwa nyumba. Akaegemeza bega. Muuza mitumba akaegemeza lake. Kabati likasogea.

Mlango ulipofunguka, hewa ya chumvi iliwapiga usoni. Upepo ulikuwa unapita juu ya paa na mvua inaangukia mbali. Kibaraza cha mbele, juu ya ngazi, hatua mbili kwa tatu, kilikuwa kikavu nusu. Maji ya bahari yalikuwa yamemeza ngazi saba. Wakawaburuta mapacha nje. Mmoja akatapika, akalia, na muuza mitumba, mama yake, akalia naye. Shemeji akambeba mama pamoja na kiti.

Nesi aliwahi kumfundisha Gazeti: mama ainame mbele, viwiko magotini, avute kwa pua, atoe kwa mdomo kama anayepoza chai. Bila mashine, alisema, atastahimili nusu saa. Baada ya hapo hakusema. Shemeji akauliza kama ailete jenereta hapo nje. Aiweke wapi, Gazeti akamjibu, juu ya vichwa vyao?

Gazeti akachuchumaa nyuma ya kiti, akamkumbatia mama mkwe mbavuni, akapumua naye. Kucha za mama zilikuwa za kijivu. Nusu saa ikaja, ikapita. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu majini, hageuki.

Mama mkwe akageuza shingo kidogo.

"Unanibana," akasema kwa sauti ya uzi. "Mbavu zangu si kitambaa."

Gazeti akalegeza kiasi cha kidole kimoja, si zaidi.

"Vuta, mama. Kwa pua."

Mama mkwe akavuta.