Mtandao wa Wifi

Fundi wa kompyuta, ambaye hata mama yake mzazi alimwita Bisibisi, alikuwa hatulii. Kompyuta ya wifi yake, mke wa kaka yake, ilikuwa inamfanyia vituko. Akiipeleka dukani kwake inashika mtandao kama kupe. Akiirudisha nyumbani inagoma. Alishaweka programu upya, akabadilisha hata kadi ya mtandao. Wapi!

"Wifi, wifi imekufa tena," alisema wifi yake. Alikuwa mjamzito, na daktari alimwamuru asitoke kitandani mpaka ajifungue. "Kila tukifika kwenye la maana, kaka yako ananikatia."

"Hakati yeye, dada. Ni mashine."

"Mashine inajua lini ninauliza anarudi lini?"

Bisibisi aliigeuza kompyuta, akaichungulia chini. Simu yake mwenyewe ilishika mtandao wa nyumba ile vizuri tu, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta. Alizunguka chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akainuka tena.

"Hebu itumie kama siku zote."

Wifi aliegemea mito, akaiweka mapajani, akakisukuma kioo nyuma hadi karibu kilale. Mtandao ukapotea.

"Kirudishe mbele!"

Ukarudi.

"Kumbe!" Dukani Bisibisi hakuwahi kukifungua kioo kiasi hicho. Alifungua fremu palepale mezani, akamkuta mbaya wake: waya mwembamba wa antena uliobanwa na bawaba hadi ukakaribia kukatika, kioo kikilala unaachana. Akatoa mzima kwenye kompyuta mbovu aliyokuja nayo, akaupitisha taratibu, akafunga. Wakampigia simu ya video kaka, aliyekuwa kazini mgodini, mbali.

Walicheka, wakasalimiana. Kisha wifi akauliza, "Unakuja lini?"

"Halo? Mnakatika... siwasikii vizuri."

Bisibisi alitupia jicho alama ya mtandao. Imejaa.

"Kaka, hatukatiki. Nimeutengeneza mimi mwenyewe."

Kaka akajipangusa uso.

"Likizo wamenikatalia. Mtoto atazaliwa nikiwa huku."

"Umejua lini?" wifi aliuliza.

"Muda kidogo."

"Na ulipokuwa unakatika?"

"Mwanzoni ulikuwa mtandao kweli. Baadaye... nilishukuru ukikatika."

Bisibisi alikusanya vifaa harakaharaka, bisibisi moja ikamponyoka ikabingirika uvunguni. Hakuinama kuitafuta. Alitamani angeuacha waya ule ulivyokuwa.

"Sema yote," wifi alimwambia mumewe. "Mimi nimelala tu, sina pa kwenda."

Bisibisi alitoka barazani akawa anakwenda na kurudi. Sauti zilipanda humo ndani, zikashuka, zikapanda tena. Kisha akasikia wifi akiitwa jina la utani ambalo kaka alimwita tangu uchumba wao, na kicheko kilichochanganyika na kilio.

Jioni alifunga duka mapema, akaja na godoro lake begani.

"Na hilo?" wifi aliuliza.

"Sogea huko. Nahamia."