Kopo Juu ya Rafu

Kuna mlango ambao binadamu hulala nao wazi, na kelele yoyote ikitaka huingia bila hodi. Ukisema ni sikio, umepata. Ila usishangilie mapema, maana yaliyomkuta Bibi Majani yalianzia hapo hapo.

Jina hilo alipewa kazini kwa sababu ya majani mabichi aliyowabebea simbilisi kila asubuhi. Wanyama wenyewe wadogo, wanene, hawana mkia, wakimwona mtu mwenye chakula wanalia kama mlango uliokosa mafuta. Walikuwa ishirini katika chumba cha utafiti, kila mmoja na kizimba chake juu ya rafu ndefu ya chuma. Daktari aliwatia vijidudu nyuma ya ngoma ya sikio, usaha ukajaa, kisha nusu yao akawapa dawa mpya. Watoto wengi huugua hivi hivi, alisema. Tukiuelewa ugonjwa kwa hawa, tutawasaidia wale.

Bibi Majani akishafagia, kazi yake ilikuwa kuwapima. Anagonga kopo kwa kijiko nyuma ya kizimba. Anayesikia hutikisa sikio, asiyesikia anaendelea kutafuna. Anaandika alama, anasogea kwa wa pili.

Asubuhi moja Daktari akamwita mezani. Alikuwa amemfisha, ili amchunguze, mmoja wa waliopewa dawa, yule mweupe mwenye baka, ambaye Bibi alimpa jina la Mkwe kwa sababu alikula bila kushukuru. Kifupa cha nyuma ya sikio kilikuwa kimepasuliwa kama ganda la karanga, na ndani mlikuwa na ute mzito wa manjano.

"Huyu jana umeandika anasikia."

"Alitikisa sikio, baba. Haki ya Mungu."

"Kwa ute huu? Hata ungempulizia baragumu, Bibi! Hebu nionyeshe unavyogonga."

Bibi Majani akachukua kopo, akaliweka juu ya rafu, akaligonga. Rafu ikatetemeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Daktari akaweka kiganja chake kwenye chuma, akausikia mtetemo.

"Nilisema ulishike mkononi."

"Ulisema. Lakini kifundo cha mkono kinaniuma tangu mwezi ule, nikaona niliweke hapo."

Daktari akashusha vizimba vya waliopewa dawa, akaviweka kimoja kimoja juu ya sponji nene, akagonga kopo hewani. Simbilisi saba wakaendelea kutafuna. Dawa iliyokuwa imeanza kuitwa nzuri ikaisha pale pale, juu ya sponji.

"Walikuwa wanasikia kwa miguu," Daktari akasema taratibu. Hakumfokea, na hilo ndilo lililomchoma Bibi zaidi.

Bibi akaanza kuwarudisha kwenye rafu, kisha akasimama na kizimba mkononi. Alikuwa amemkumbuka mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye yeye humwita kwa utani Mke Mwenza. Msimu wa mvua uliopita masikio ya mtoto yalitoa usaha, akatiwa dawa, yakakauka, nyumba nzima ikasema amepona. Akiitwa hugeuka. Lakini Bibi humwitaje? Huketi kwanza kando yake kitandani, ndipo huita. Na kitanda chenyewe ni cha chuma.

"Daktari, usaha ukikauka nje, ndani unaweza kubaki?"

"Ute unaweza kubaki, tena bila maumivu. Lakini mimi daktari wa simbilisi, Bibi. Kama ni mtu, mpeleke kwa wa watu."

Njia nzima ya kwenda nyumbani alimsikia Mkwe akilia nyuma yake. Aligeuka mara mbili. Mara ya tatu hakuthubutu.

Alifika kwake mchana jua likiwaka. Mke Mwenza alikuwa kitandani, kaupa mlango mgongo, anamvalisha mwanasesere. Binti wa Bibi, mama wa mtoto, alikuwa akipiga pasi nyuma yake, karibu na mlango.

"Mama, mbona unavua viatu? Umekanyaga nini?"

"Mwite mwanao. Usiguse kitanda, wala usikanyage kwa kishindo."

"Makubwa! Yaani unampima mwanangu kama panya wako?"

"Ndiyo," Bibi akasema. "Mwite."

Mama mtu akaguna, akaita. Mtoto akafunga kifungo cha mwanasesere. Akaita tena.

"Anadeka tu huyo. Wewe! Nina peremende hapa!"

Mtoto alikuwa akimnong'oneza mwanasesere wake jambo. Bibi Majani alilitazama lile sikio dogo, safi, lililooshwa asubuhi, kwa macho halina kasoro. Akaona baka kama la Mkwe. Akapepesa macho, baka likaondoka.

"Mama," binti yake akasema, na sauti ilikuwa imekwisha shuka, "tangu lini?"

"Sijui. Mimi niliyesomeshwa kupima sikio sijui."

Binti akaacha pasi, akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda. Chuma kikalia. Mtoto akageuka papo hapo, uso mzima umechanua.

"Mama! Umekuja saa ngapi?"

Kutoka mlangoni, pekupeku, Bibi Majani akawasikia wote ishirini wakilia kwa pamoja.

"Vaa viatu, Mama," binti yake akasema, huku akiinua godoro kutafuta kadi ya kliniki. "Hospitali bado hawajafunga. Twende sote watatu."