Siku Tisa za Mzee Yelland

"We Clem! Unaezeka paa au unawinda panya?"

Sauti ilitoka kwenye benchi la chini, alikokaa mzee Cyril Pobjoy na kikombe chake cha chai, kama alivyokaa kila siku tangu kazi ianze. Clem Yelland aliendelea na kazi. Alikuwa amelalia ngazi, na miaka yake sitini na sita, akichomoa mabua ya ngano yaliyooza ya paa la zamani.

"Leo siku ya kumi na nne! Marehemu baba yako paa hilihili alilimaliza kwa siku tisa."

Siku tisa. Kijiji kizima kiliijua hesabu hiyo kuliko sala. Paa lilipoanza kuvuja, Clem alilitia viraka miaka ishirini bila kufua dafu, na kule baa wakasema baba ameezeka, mwana ameharibu. Maneno hayo yalimuuma mpaka leo.

Akachomoa tita jingine karibu na kilele, mkono ukazama. Hapakuwa na mabua. Palikuwa na gunia tupu la viazi, limeshindiliwa kuziba pengo, na nyuma yake jingine, na jingine. Kwanza alitaka kucheka: kumbe siku tisa zilipatikana hivi. Kisha akaona uchungu, maana alimpenda baba yake. Akalikunja gunia, akalikunjua, akalikunja tena. Angeweza kulipunga palepale, kijiji kikaona.

"Umepata nini huko?" Imogen, mwenye nyumba, alitoka na simu mkononi, akiruka waya wa gari lake la umeme. Alihamia kutoka London mwaka juzi.

"Takataka tu, mama. Mambo ya panya."

"Panya gani anabeba gunia?"

"Wa zamani walikuwa na nguvu."

Imogen akacheka. Clem akajaribu kulificha gunia chini ya tita. Gunia likamponyoka, likateleza paani, likaanguka miguuni pa Cyril. Mzee akaligeuza kwa fimbo. Herufi zilikuwa zimefifia, ila zilisomeka: POBJOY.

"Mwaka ule niliibiwa magunia sita," Cyril alisema polepole. "Na baba yako ndiye aliyenisaidia kuyatafuta."

Imogen alimtazama huyu, akamtazama yule, akarudi ndani.

Cyril akaliokota gunia, akalikung'uta, akalitandika kwenye benchi na kulikalia.

"Benchi hili lina baridi," alisema. "Umetumia siku ngapi vile?"

"Kumi na nne."

"Tumia unazotaka."

Clem alimaliza paa siku ya ishirini na mbili, na hakuna aliyehesabu. Kilichobaki ni jogoo wa mabua wa kuweka kileleni, alama ya akina Yelland. Jogoo wa baba yake siku zote walitazama kanisani. Clem akamwelekeza kwenye mnara wa kanisa, akamgeuza barabarani, akamgeuza tena, asijue amfuate baba au la. Chini, Cyril alikuwa amekalia gunia lake, chai imepoa, anasubiri kuona atamwelekeza wapi.