Makopo Sita ya Nyasi ya Dereva

Watu walinisifu kwa uvumilivu, nami nikawaacha wasifu. Gari la mume wangu lilipinduka Jumanne, tukamzika Alhamisi, Jumatatu nikarudi kazini, na kila aliyenipa pole nilimwitikia "nimeshapoa" bila kukosea. Ukweli ni kwamba sikuwa nikivumilia chochote. Nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na hilo halistahili sifa ya mtu.

Kazi yangu ni kuzinyima nyasi maji. Katika banda la nailoni la kituo chetu cha utafiti tulikuwa na aina kumi na mbili, kila aina makopo sita. Tulizinywesha zikashiba, kisha tukafunga bomba kwa siku thelathini. Kila asubuhi nilipima kila kopo na kuandika uzito wake kwenye fomu, kwa kuwa uzito unaopungua ndiyo maji yanayoondoka. Siku ya thelathini tunarudisha maji na kusubiri siku saba. Aina inayochipua inazalishwa mbegu. Isiyochipua hata kopo moja inakwenda jalalani.

Aina ya kumi na mbili ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa dereva wa kituo, wala hakujua lolote kuhusu mimea, ila gari lilipomharibikia kwenye barabara ya changarawe katikati ya kiangazi aliona shina moja la nyasi limebaki kijani peke yake. Akaling'oa kwa bisibisi, akaniletea ndani ya soksi.

"Wenzangu huletewa maua," nilimwambia.

Kituo kizima kiliiita Nyasi ya Dereva, na mimi nilitaka ipite. Sikuwa nikitaka kitu kingine, na hata hicho nilikitaka kwa kichwa tu.

Siku ya kumi nyasi zote zilikuwa zimekunja majani kama mikeka. Ndivyo zinavyojihami. Mzizi ukionja ukavu hupeleka habari juu, na jani hufunga vitundu vyake vya kupumulia ili mvuke usitoke. Kukua kunasimama. Ndani ya seli zake nyasi hurundika sukari na chumvi ili kushikilia maji kidogo yaliyobaki. Yakizidi kupungua, huyaacha majani ya nje yafe ili kiokoke kitako cha shina, pale chini kabisa panapotokea machipukizi. Mkuu wetu tunamwita Daktari, na walinzi humpelekea vikohozi vyao ingawa hajawahi kutibu mtu. Siku moja aliniambia, "Dada, siku hizi unafanana na hizi nyasi." Nilimwambia aniache. Nyasi inajua inachokifanya.

Mama yangu alikuwa amehamia kwangu tangu msiba. Kila mchana alileta chakula na chupa ya maji, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa banda, karibu na mstari wa kumi na mbili, akiningoja nile. Sikuwa na hamu. Nilikwenda maabara kupima majani, na nikirudi nakuta ameshafungasha vyombo.

Siku ya ishirini na saba Daktari alinijia na fomu zangu mkononi.

"Dada, umesoma ulichoandika?"

"Nimeandika."

"Nimeuliza kama umesoma."

Nikasoma. Makopo manne ya Nyasi ya Dereva yalikuwa na uzito uleule kwa siku tisa mfululizo. Kopo lisilonyweshwa haliwezi kufanya hivyo. Mwandiko ulikuwa wangu, tarehe zangu. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeshtuka, lakini mimi nilinyanyua, nikapima, nikaandika, nikashusha. Majani yake yalikuwa yamekunjuka mbele ya macho yangu, nikadhani ni ushupavu.

Mchana nilimuuliza mama, aliyekuwa akikaa kando ya makopo yale, naye hakukataa.

"Ni mimi. Yale mawili ya mwisho sikuyafikia, kwa magoti haya."

"Kwa nini, mama?"

"Nakuletea maji kila siku, unayaacha. Nikayamwage? Nikaona yale makopo yameandikwa Dereva, na majani yamesinyaa." Alikunja kanga yake mapajani. "Wewe nikikupa hunywi, mwanangu. Yenyewe yanakunywa."

Nilitafuta hasira ya kumpa, nikakosa. "Sawa, mama," nilisema, kama mtu anayejibu simu ya kazini.

Daktari aliyafuta yale manne kwenye hesabu. Yakabaki mawili, makavu kama fagio. Siku ya thelathini tukarudisha maji. Aina nyingine zilianza kuchipua siku ya tatu, na kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya makopo yangu mawili, nikipekua majani makavu kwa kidole. Siku ya saba sikuona kitu.

"Angalia tena," Daktari alisema kwa upole.

"Nimeangalia." Nikaandika sifuri mbili, nikatia sahihi.

Siku ya nane niliyabeba kwenda jalalani, mama akinifuata pole pole. La kwanza nililipindua. La pili nilikuwa nimeshaliinamisha nilipoona, katikati ya ukavu ule, ncha ya kijani fupi kuliko ukucha.

Nililikamata kopo kwa mikono miwili nikaanza kulifokea. "Siku moja! Ungewahi siku moja tu! Jana ulikuwa wapi?" Nikalitikisa. "Uliondoka asubuhi bila kuniamsha! Nani alikwambia uniache nilale? Ungeniamsha! Ungeniaga!"

Mama alikuwa ameshakaa chini kwenye udongo, pamoja na magoti yake mabovu, amenishika mguu. Nilimwita mume wangu kwa jina lake. Niliita kwa nguvu, tena na tena, mpaka walinzi wakaja mbio, na yeye hakuitika.