Barbara Wawili wa Nyumba Namba Saba

"Sabina, hivi una uhakika lile kaburi ni lenu?"

Jirani yangu Delia aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni, hataki hata kuketi. Mgeni wake kutoka Boston, bwana Leland Tarpey, alikuwa kwake wiki ya pili akitafuta habari za ukoo. Nikajua kuna jambo. Kaburi la kina Heneghan limebaki nafasi moja tu, ubavuni mwa marehemu mume wangu Austin, na nafasi hiyo naiombea kila ninaposhika rozari.

Alhamisi Padre Garvey akatuita. Tarpey alitaka majivu ya mama yake yawekwe pale. Alileta ukurasa uliochapwa vizuri, na chini yake vyanzo: sensa ya 1901, sensa ya 1911, nyumba namba saba, mstari wa pili. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini karatasi nadhifu mno hunitia wasiwasi.

"Tazama, Padre," akasema. "Mwaka 1901 mke wa Festus Heneghan ni Barbara, miaka hamsini na mitano. Mwaka 1911 ni Barbara, sabini na miwili. Nani anazeeka miaka kumi na saba ndani ya kumi? Hawa ni wawili. Wa kwanza alikufa. Wa pili ni mjane wa Tarpey aliyeolewa tena na Festus, mama wa babu yangu, na ndiye aliyelala pale."

"Namba ndizo hizo, Sabina," Delia akadakia.

"Namba sawa, waliozitaja je? Pensheni ya wazee ilianza 1909, mpaka uwe na miaka sabini. Kijiji kizima kilizeeka mwaka ule! Nyanya yako aliongeza miaka kumi na minne ili aipate, na bado harusini alikuwa wa mwisho kuacha kucheza."

Padre akacheka mpaka miwani ikamshuka.

"Mwache nyanya yangu, ametangulia!" Delia akasema.

"Hayo ni maneno ya jikoni," Tarpey akasema. "Mimi nina chanzo."

"Basi nionyeshe fomu yenyewe ya 1911, si ulichokichagua humo."

Akasita. Padre akamnyooshea mkono, ndipo nakala ikatoka mkobani. Nikafuata mstari wa Barbara kwa kidole, polepole. Nikaupita umri, nikafika safu walipoulizwa wanawake walioolewa muda wa ndoa zao. Ndoa hii ya sasa: miaka thelathini na sita. Watoto tisa, walio hai saba.

"Padre, ukitoa thelathini na sita kwenye 1911?"

"Elfu moja mia nane sabini na tano."

"Kumbe ni mke wa Festus tangu hapo. Basi 1901 yumo nyumbani humo humo, ni yeye yule. Ni nyanya yake Austin."

Delia akainama kutazama viatu vyake. Nikamgeukia Tarpey.

"Umeandika mpaka namba ya mstari, mwanangu. Safu hii uliirukaje?"

Uso ukamwiva. Akakunja ukurasa wake, akaiacha nakala pale mezani, akachukua kofia, akatoka.