Taa ya Mgeni Rasmi

Fundi alikuwa ameshatoboa ukuta wa sebule bila kubisha hodi. Mama Vitambaa alitoka chumbani, mikono bado ina povu, maana alikuwa akimwogesha mama yake mzazi asiyeona. Jina hilo alilipata kwenye uwanja wa paneli za jua, ng'ambo ya barabara, ambako kila alfajiri huzifuta vumbi kwa vitambaa. Umeme wa uwanja huo hupita juu ya bati la nyumba yake kwenye nyaya nene, ukienda mjini. Yeye huwasha kibatari.

"Hatimaye!" alisema, akiitazama balbu inayoning'inia. "Mmetuunganisha?"

Msimamizi wake wa kule uwanjani, aliyekuja na fundi, alikohoa. "Ni ya leo tu, mama. Mgeni rasmi anakuja kuzindua awamu ya pili. Atawasha taa hapa kwako, nawe useme umeme wa jua umekubadilishia maisha. Basi."

"Na huu waya unakwenda wapi?"

Aliufuata mwenyewe mpaka nyuma ya jiko. Pale, chini ya turubai, palikuwa na jenereta, ya zile zinazonguruma kwa adabu. Damu ilimchemka. Miaka yote anasugua vioo vyao mpaka vidole vinachubuka, leo wamemletea dizeli ya kuwashia uongo!

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," msimamizi alimnong'oneza. "Usiniharibie siku."

Akameza hasira yake. Mkataba ule ndio unga wa nyumba, na ndio dawa za presha za mama yake.

Mgeni rasmi alifika na kamera zake, akabonyeza swichi, taa ikawaka. Makofi yakapigwa kama vile hakuna aliyewahi kuona balbu.

"Kesho ya nchi yetu ni jua!" alitangaza. "Nishati safi kwa kila nyumba!"

Mama mzee, aliyeketishwa kwenye mkeka pembeni, akainua pua.

"Mwanangu, hilo jua lao mbona linanuka dizeli?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Msimamizi naye akacheka kwa nguvu zaidi. "Bibi yetu umri umekwenda, pua nayo imechoka. Si ndiyo, mama?"

Kamera zote zikamgeukia Mama Vitambaa. Yeye alikuwa akimtazama mama yake, ambaye ameinamisha kichwa na kuanza kuomba radhi.

"Nisameheni, wanangu. Pengine nimekosea."

"Hujakosea, mama. Usimwombe mtu radhi humu ndani."

Akatoka. Msimamizi alimfuata mbio huku akimsihi, lakini yeye alikwisha kulizunguka jiko. Akalitupa turubai kando na kuizima mashine.

Sebuleni taa ikazimika; mgeni rasmi akabonyeza swichi. Akabonyeza tena. Juu ya bati kila mtu akazisikia nyaya zikivuma.