Swali la Tisa

Wiki mbili baada ya Kaylin Tesch kuzikwa, Chuo Kikuu cha Kettlewood kilileta mbwa.

Walikuwa saba, wamevishwa vizibao vya zambarau, rangi ya chuo, wakapangwa ukumbi wa chini wa jengo la Huduma za Wanafunzi ili watu wawapapase wapate nafuu. Hakuna aliyeambiwa asubiri wiki saba, kama wanavyoambiwa wanaotaka mshauri. Unafika, unachuchumaa, unalambwa mkono, unakwenda zako umepona. Darlene Sobczak, aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye meza ya mapokezi ya kitengo cha ushauri nasaha, aliwatazama kupitia kioo na kugundua kwamba mbwa walikuwa wengi kuliko washauri. Washauri walikuwa wanne. Wanafunzi walikuwa elfu kumi na moja.

"Bi D, hujaja kumshika Biskuti?" msichana mmoja alimwita kutoka mlangoni, akilia na kucheka kwa pamoja. "Ana masikio laini huyo!"

"Nitakuja, mwanangu. Nikipata nafasi."

Alipolitamka neno hilo alijisikia vibaya, kwa sababu ndilo alilokuwa akiwaambia wote waliofika mezani pake. Nafasi hakuna, nafasi ikipatikana tutakuandikia.

Sasa mambo yalivyokuwa ni hivi, maana chuo kimeyasema mara nyingi bila kuyasema. Alhamisi moja ya Novemba, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa, kijana wa mwaka wa tatu aitwaye Corbin Haugstad alipanda ngazi hadi mapokezi, akaomba kuonana na mtu. Msimu wa kulungu kaskazini mwa Wisconsin si mchezo. Wahadhiri huahirisha mitihani, makanisa hubadili saa za ibada, na chuo, kwa wema wake, huwatunzia wanafunzi bunduki zao za kuwindia katika ghala la ofisi ya usalama. Ghala hilo liko chini kabisa ya jengo hilohilo la Huduma za Wanafunzi. Unatia sahihi, unapewa bunduki yako Ijumaa, unairudisha Jumapili jioni. Kwenye kitabu cha matangazo ya chuo kuna picha ya vijana wenye makoti ya rangi ya chungwa wakicheka mbele ya dirisha la ghala. Wazazi huipenda sana.

Kulikuwa na kanuni moja ya maana, na lazima tuwape haki yao kwa hiyo moja. Kila anayeomba ushauri hujaza fomu kwenye tableti, na swali la tisa linauliza: Je, una mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtu mwingine? Ukiweka Ndiyo, jina lako hugeuka jekundu kwenye kompyuta ya ghala, na bunduki hupewi. Ukiweka Ndiyo pia, mshauri lazima akuone siku hiyohiyo.

Hapo ndipo palipomkera Dakta Grant Ostrander, Makamu wa Rais wa Chuo, Ustawi wa Wanafunzi, mtu mwenye meno mengi na cheo kirefu. Akina Ndiyo walikuwa wengi, washauri wanne, foleni ikawa aibu. Kuajiri washauri hakukumjia akilini. Alichofanya ni kuwaita wapokezi ofisini kwake na kuwaelekeza kwa mdomo, kwani si mjinga wa kuandika, kwamba kabla mwanafunzi hajatuma fomu wamweleze kwa upole matokeo ya jibu lake.

"Hatumdanganyi mtu," aliwaambia. "Tunampa taarifa, aamue mwenyewe. Ni heshima hiyo."

Heshima yenyewe ilikuwa maneno haya, na Darlene aliyajua kama anavyojua namba yake ya simu: "Ukiweka Ndiyo hapo, mwanangu, itabidi niwaite polisi wa chuo, wazazi wako wapigiwe, na huenda ukalala hospitali leo. Una uhakika?"

Akina Ndiyo walipungua mpaka wakawa wa kuhesabika. Ostrander alitengeneza mchoro wenye mstari unaoshuka, akaupeleka kwenye kongamano Florida, wakampa tuzo ya kioo. Anaitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke.

Corbin Haugstad aliweka Ndiyo. Darlene akamwambia maneno yake. Kijana alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma ratiba ya treni na kukuta ile yake imefutwa.

"Basi weka Hapana," alisema.

"Mimi siruhusiwi kukuwekea. Weka mwenyewe."

Akaweka mwenyewe. Tableti hutunza jibu la mwisho tu, la kwanza linapotea. Darlene alimwandikia tarehe tisa Januari, saa nne asubuhi. Kijana alikunja karatasi mara nne, akasema asante, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri. Kesho yake alishuka ngazi zilezile, akazipita mpaka chini, akatia sahihi na kukabidhiwa bunduki ya babu yake. "Mawindo mema," mlinzi alimwambia. Jumapili hakuirudisha. Ofisi ya usalama ilimtumia barua pepe ya kumkumbusha. Jumatatu mchana aliingia nayo maktaba, akampiga risasi Kaylin Tesch, msichana wa miaka kumi na minane ambaye hakuwahi kumjua na aliyekuwa amesimama pale kurudisha kitabu, kisha akajimaliza mwenyewe.

Hivyo aliyejua kwamba kijana alisema Ndiyo alibaki mmoja duniani, naye alikuwa Darlene.

Ostrander alikuja mezani pake mchana uleule wa mbwa, amevaa fulana ya zambarau juu ya shati na tai. Kifuani iliandikwa KETTLEWOOD IMARA.

"Darlene, rafiki yangu. Unaendeleaje?"

"Nipo."

"Kesho alasiri tuna kikao na wazazi. Mama Tesch atakuwepo, masikini. Nitaonyesha fomu kwenye skrini, waone wenyewe kwamba kijana aliulizwa na akajibu Hapana. Ningependa ukae mstari wa mbele. Wewe ndiye sura yetu pale."

"Sura ya nini?"

"Ya kujali." Alitabasamu. "Mtu akiuliza, sema tu alijaza kwa mkono wake. Ni kweli, sivyo?"

"Ni kweli."

"Basi. Kweli haina kazi ngumu." Akaweka fulana ya zambarau juu ya meza, imekunjwa vizuri. "Umebakiza muda gani ustaafu? Mwaka na nusu? Gene anaendeleaje na figo zake? Tunamwombea nyumbani."

Alisema hayo yote kwa pumzi moja, kustaafu na figo na maombi, macho makavu. Darlene alimsindikiza kwa macho alipokwenda kupiga picha na Biskuti, akamdharau toka kisigino mpaka utosi. Kisha alipoanza kuikunjua ile fulana aone kama itamtosha, alijidharau na yeye.

Jioni ile alimpikia mumewe tambi na jibini, chakula chake cha siku ambazo hawezi kufikiri. Gene alikuwa ametoka kusafishwa damu kwa mashine, mkono una bandeji, amechoka. Bima iliyomlipia mashine hiyo mara tatu kwa wiki ilitokana na kazi ya mkewe. Darlene alimsimulia yote, mpaka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Gene alitafuna taratibu. "Na kesho utasema nini?"

"Wakinifukuza, bima inakwenda. Wewe unakwenda. Nitasema nini, Gene?"

"Sijui. Ila usinitaje mimi." Aliweka uma chini. "Ukinyamaza, nyamaza kwa ajili yako. Mimi nisigeuzwe kisingizio cha mtu nikiwa bado napumua."

"Unaongea kirahisi sana."

"Naongea nikiwa na mashimo mawili mkononi, mke wangu. Hiyo si rahisi. Nipe chumvi."

Kikao kilifanyika saa tisa, ukumbi wa mikutano wa jengo lilelile la Huduma za Wanafunzi, chini ya bendera. Kulikuwa na kahawa, donati, na mawe madogo ambayo watu waliombwa wayapake rangi na kuyaandika neno la matumaini. Baba mmoja aliyevaa kofia ya kuwindia alishika jiwe lake asijue afanye nalo nini. Ostrander alizungumza dakika arobaini. Alisema "safari ya uponyaji" mara sita. Darlene, mstari wa mbele karibu na kipaza sauti cha maswali, zambarau mwili mzima, hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuzihesabu. Hatimaye fomu ikatokea kwenye skrini, kubwa kama ukuta, na alama nyeusi kwenye kisanduku cha Hapana.

"Tulimuuliza," alisema Ostrander, na sauti yake ikatetemeka pale alipokuwa ameipanga itetemeke. "Moja kwa moja. Wakati mwingine, ndugu zangu, mtu anachagua kufunga mlango."

Mwanamke aliyekaa katikati akainuka. Alikuwa mnene, mfupi, ndani ya koti la kampuni ya mabasi ya shule, jina lake limeshonwa kifuani: Jolene. Ndiye mama yake Kaylin.

"Kwa hiyo aliulizwa, akasema hapana, basi," alisema. "Hakuna mtu aliyejua."

"Hakuna, mama. Inauma sana, lakini hakuna."

"Sawa." Alitikisa kichwa. Ilionekana kweli anajaribu kukubali. "Sawa. Nilitaka tu nisikie hivyo, ili nipate usingizi."

Alikuwa anaketi. Kama angeketi sekunde moja mapema, pengine kila kitu kingekwisha pale. Darlene alimwona anapapasa kiti nyuma yake kwa mkono, kama mtu aliyezeeka ghafla, akajikuta amesimama.

"Alisema Ndiyo."

Aligeuka akamtazama yule mama.

"Kwanza aliweka Ndiyo. Mimi nikamwambia akiweka hivyo nitaita polisi, nitapigia kwao, atalazwa. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akabadilisha. Ile Ndiyo ingebaki, asingepewa bunduki kesho yake. Jina lake lingekuwa jekundu."

"Darlene ana mshtuko," Ostrander aliuambia ukumbi. "Wote tumeguswa. Darlene, njoo tukae pembeni kidogo—"

"Wewe ndiye uliyetuambia tuwaambie hivyo. Ukapewa na tuzo ya kioo."

"Zimeni kipaza sauti, tafadhali."

Kikazimwa. Jolene Tesch hakukihitaji. Mtu anayewatuliza watoto hamsini kila asubuhi huku anaendesha ana sauti yake.

"Wewe mama, ni nani?"

"Naitwa Darlene. Nakaa mapokezi."

"Ni yeye peke yake uliyemwambia hivyo?"

Darlene alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kwa kofi, hata angelishukuru. Swali hili hakulitarajia.

"Hapana."

"Wangapi?"

"Sijui. Ni miaka mitatu sasa. Sikuhesabu."

"Hukuhesabu," Jolene alisema. Alitoka kwenye mstari wake wa viti akaja mbele, polepole, watu wakimpisha miguu. Ostrander alimwekea mkono begani. Aliutazama mkono ule mpaka ukaondoka wenyewe. "Mimi naendesha basi namba kumi na nne. Kila siku nikishamshusha mtoto wa mwisho, nazima gari, nasimama, natembea mpaka kiti cha nyuma kabisa. Naangalia chini ya kila kiti. Hata kama nina homa, hata kama nje ni baridi ya kuua na najua kabisa wameshuka wote. Nyuma kuna kibao nakigeuza kuonyesha nimetembea. Nisipokigeuza siku moja, nafukuzwa kazi siku hiyo. Unajua ni kwa nini?"

"Kwa sababu mtoto anaweza kusinzia akasahaulika."

"Anaweza kusinzia akasahaulika. Anaganda usiku mmoja tu." Alivuta kiti kimoja cha mstari wa mbele, akakigeuza kikaelekea cha Darlene, akaketi magoti yao yakikaribia kugusana. "Hao wengine bado wako humu chuoni. Wengine bunduki zao ziko chini yetu hapa tulipokaa. Tembea nawe, jina kwa jina."

"Mama Tesch," Ostrander aliingilia, "kisheria majina ya wanafunzi ni siri, chuo hakiwezi kuruhusu—"

"Nyamaza, baba," Jolene alisema bila kugeuka, kama anavyomwambia mtoto anayepiga kelele kiti cha sita. "Wewe kapake jiwe lako rangi."

Hakuna aliyecheka. Yule baba wa kofia ya kuwindia aliliweka jiwe lake sakafuni, akatoa kalamu mfukoni na kugeuza karatasi ya ratiba ya kikao upande mweupe. Ostrander alikuwa tayari na simu sikioni, anatafuta wakili, amewapa mgongo.

Darlene alifumba macho. Alidhani hatakumbuka hata mmoja, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akijiambia miaka yote mitatu, kwamba ni wengi na sura zao zinafanana. Lakini walikuwepo. Walikuwepo wote, kila mmoja ameinamia tableti, kidole juu ya kioo, anamsubiri amalize maneno yake.

"Kulikuwa na msichana wa uuguzi," alisema. "Ana kovu kwenye kidevu. Anaitwa Brynn."

"Brynn," Jolene alirudia, na yule baba akaandika. "Haya. Anayefuata."